Wajibu wa Tabibu Dawa Inaposhindwa

Sifa ya tabibu kwa watu ni kuponya. Mgonjwa aliyeingia hospitalini kwa machela akatoka kwa miguu yake mwenyewe huitangaza sifa hiyo kila aendako. Mama ambaye mtoto wake ameokolewa katika homa kali hulitaja jina la tabibu katika sala zake. Hayo ni haki, maana kuponya ni tendo kubwa. Lakini sifa iliyojengwa juu ya nguzo moja huanguka nguzo ile ivunjikapo. Iko siku ambayo hapana tabibu awezaye kuikwepa, siku ambayo vitabu vyote vimekwisha kufunuliwa, dawa zote zimekwisha kujaribiwa, na ugonjwa ungali pale pale. Siku ya kufa nyani, wasema wazee, miti yote huteleza. Basi siku hiyo tabibu afanye nini? Je, wajibu wake umekwisha kwa kuwa uwezo wake wa kuponya umekwisha? Hilo ndilo swali ninalotaka tulipime, msomaji, kwa utulivu na bila ya haraka.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani, “Mwalimu, daktari wa wagonjwa wasiopona ana faida gani? Si sawa na fundi wa vyungu vilivyovunjika visivyoungika?” Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko kicheko chao. Chungu kilichovunjika hutupwa, wala hakilalamiki, kwa sababu thamani yake yote ilikuwa katika kazi yake. Mtu je? Akikosa nguvu za kulima, kutembea, na hata kusema, thamani yake imekwenda wapi? Ajibuye swali hili amejibu pia swali la tabibu, maana hatuwezi kujua deni letu kwa mgonjwa kabla ya kujua mgonjwa ni nani.

Ili hukumu yetu isielee hewani, tuchukue mfano wa maradhi ya ubongo na ya neva, ambayo huijaribu subira ya tabibu kuliko mengi. Neva ni nyuzi nyembamba zichukuazo amri za ubongo mpaka kwenye misuli, na kuleta habari za mwili mpaka kwenye ubongo. Yako maradhi yashambuliayo neva za mwendo. Neva hizo hufa moja baada ya moja, na msuli usiopata amri hunyauka kama mmea usiopata maji. Ugonjwa huanza kwa jambo dogo: kikombe kimeponyoka mkononi, mguu umejikwaa mahali pasipo na kisiki, neno limekwama ulimini. Miezi ipitapo mikono hulegea, miguu hukataa kusimama, kumeza huwa taabu, na mwisho misuli ya kuvutia pumzi nayo huchoka. Wagonjwa wengi hufa kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili za kwanza, ingawa wako waishio zaidi. Dawa chache zimepatikana za kuuchelewesha mwendo wa ugonjwa huu. Ya kuuondoa haijapatikana.

Wako ambao ugonjwa huo hugusa fikira na tabia zao. Lakini kwa wengi fahamu hubaki macho. Mgonjwa asiyeweza kuinua kidole angali anasikia, anaona, anakumbuka, anapenda na kuona haya. Mwili umekuwa nyumba iliyofungwa milango, na mwenye nyumba yumo ndani. Fikiri basi jinsi ilivyo kwa mtu huyu tabibu apitapo karibu na kitanda chake, atazame karatasi, atikise kichwa, kisha aende kwa mgonjwa mwingine mwenye tamaa ya kupona. Hapana tusi lililotamkwa, lakini mgonjwa amekwisha kuelewa kwamba yeye sasa ni chungu kilichovunjika.

Katika karne ya ishirini alitokea Uingereza mwanamke mmoja aliyelijibu swali letu kwa matendo. Jina lake lilikuwa Cicely Saunders, naye alizaliwa mwaka 1918. Mwaka 1938 aliingia Oxford kusoma siasa, falsafa na uchumi. Vita vilipozuka aliyaacha masomo hayo akajifunza uuguzi katika Hospitali ya St Thomas mjini London. Mgongo wake ulikuwa dhaifu, na kazi ya kuinua wagonjwa ikamshinda. Alirudi Oxford akamaliza masomo yake, kisha akaingia tena hospitalini kwa mlango mwingine, akiwa mtumishi wa ustawi wa wagonjwa, ambaye kazi yake ni kusikiliza shida zao za fedha, za nyumba na za jamaa.

Katika kazi hiyo alikutana na mgonjwa mmoja, David Tasma, Myahudi kutoka Poland, aliyekuwa akifa kwa saratani katika mji ambao hakuwa na ndugu ndani yake. Wawili hawa walizungumza mara nyingi juu ya nyumba ambamo watu walio katika hali kama ile wangeweza kutunzwa vizuri zaidi. Tasma alipokufa mwaka 1948 alimwachia Saunders pauni 500, akitaka ziwe dirisha katika nyumba hiyo. Nyumba yenyewe haikuwapo. Ilimchukua Saunders miaka 19 kuijenga nyumba ya kulizunguka dirisha lile.

Miaka hiyo haikupita bure. Daktari mmoja wa upasuaji, Norman Barrett, alimshauri asome udaktari, kwa sababu madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakiwakimbia wagonjwa wa kufa. Alianza masomo hayo akiwa na umri wa miaka 33, wakati ambapo watu wengi huona kwamba siku za shule zimekwisha, akafuzu mwaka 1957. Mwaka uliofuata alianza kazi katika Hospisi ya St Joseph, mashariki ya London. Hospisi ni nyumba ya kutunzia watu wenye maradhi yasiyotarajiwa kupona. Huko aliandika habari za mamia ya wagonjwa kwa uangalifu, akatafuta kujua ni nini hasa kiwaumizacho na ni nini kiwatulizacho.

Alithibitisha jambo ambalo leo laonekana jepesi. Zamani mgonjwa alipewa dawa ya maumivu baada ya maumivu kuja. Alisubiri mpaka azidiwe, akaomba, akasubiri tena mpaka muuguzi apate ruhusa. Hivyo maumivu yalikuwa bwana na mgonjwa mtumwa wake. Saunders alitoa mofini kwa saa, kwa kipimo kilichomfaa kila mtu, kabla maumivu hayajarudi. Watu wakaona ajabu: mgonjwa aliyekuwa akilia mchana na usiku aliketi akasoma gazeti, akazungumza na wanawe, akapanga mambo yake. Hofu ya kwamba wote wangekuwa watumwa wa dawa haikutimia.

Tena alifundisha kwamba maumivu si ya mwili tu. Mtu aweza kuumwa na mifupa. Aweza pia kuumwa na hofu ya kesho, na deni lisilolipwa, na ugomvi na ndugu yake usiosuluhishwa, na swali la kwa nini ameishi. Maumivu haya hushikana kama nyuzi za kamba moja, na ajaribuye kukata uzi mmoja tu hataifungua kamba. Hapa twaona faida ya njia yake ndefu: muuguzi alimfundisha kutazama mwili, mtumishi wa ustawi alimfundisha kusikiliza shida, daktari alimpa elimu ya dawa, na wote watatu walikuwa mtu mmoja.

Nyumba yake, St Christopher, ilifunguliwa mwaka 1967 kusini-mashariki ya London. Wagonjwa wake wengi walikuwa wa saratani, lakini tangu mwanzo milango ilifunguliwa pia kwa wagonjwa wa neva za mwendo, waliokuwa na mahali pachache pa kwenda. Walitafutiwa namna ya kulala na kuketi iliyorahisisha pumzi. Walilishwa vyakula laini, polepole, vichwa vikiwa vimeinuliwa. Walipewa dawa ya kupunguza mate yaliyowasonga. Madaktari wengi wa siku zile waliogopa kumpa mofini mtu mwenye pumzi dhaifu, wakidhani itamwua. Katika nyumba ile ilionekana kwamba kipimo kidogo, kikiongezwa kwa hadhari, huondoa dhiki ya kukosa pumzi bila ya kumkatia mtu maisha. Wagonjwa waliokuwa na hofu kwamba wangekufa kwa kusongwa waliweza kuambiwa kweli: kwamba jambo hilo ni la nadra, na kwamba wengi huondoka kwa utulivu. Na ulimi uliponyamaza kabisa, ubao wa herufi uliwekwa mbele ya macho, na mgonjwa akasema kwa macho yake, herufi baada ya herufi. Sentensi moja yaweza kuchukua dakika nyingi kwa njia hiyo. Mwenye haraka hawezi kuisikia.

Katika habari hizi naona wajibu wa namna tatu, ambao haufi dawa ya kuponya ikifa.

Wa kwanza ni kutuliza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na uchungu wa mgonjwa aujua mgonjwa. Kwa hiyo tabibu hana budi kuuliza na kuamini ajibiwapo. Watu wa Tanzania wameipa kazi hii jina la tiba shufaa, nalo ni jina zuri, maana shufaa ni kumwombea mwingine na kusimama upande wake. Asimamaye upande wa mtu hawezi kusema kwamba kazi yake imekwisha kabla ya mtu yule kwisha.

Wa pili ni kusema kweli. Hapa watu wengi wema hupotea. Kwa huruma humficha mgonjwa habari zake, wakamwambia atapona kesho, na mgonjwa ambaye mkono wake wazidi kulegea kila wiki ajua kwamba anadanganywa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Uongo huo humnyima nafasi ya kugawa mali yake, ya kuomba radhi, ya kuwausia wanawe, ya kuagana. Lakini kweli nayo yataka adabu. Tabibu mwema huuliza kwanza mgonjwa ajua nini na apenda kujua nini, kisha humpa kweli kwa kadiri awezavyo kuibeba. Tena ni lazima kweli hiyo iwe na unyenyekevu. Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza, aliambiwa mwaka 1963 kwamba ana ugonjwa wa neva za mwendo, naye alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Alidhaniwa kuwa na miaka michache ya kuishi. Alikufa mwaka 2018, akiwa ameandika vitabu na kufundisha ulimwengu akiwa katika kiti cha magurudumu. Mfano wake ni wa nadra, wala si haki kumwahidi kila mgonjwa miaka kama ile. Hata hivyo watufundisha kwamba tabibu ajua njia ambayo ugonjwa huipita, lakini hajui saa ya mtu.

Wajibu wa tatu ni kutoondoka, nao ndio mgumu kupita yote. Kutuliza kwahitaji elimu, kusema kweli kwahitaji ushujaa, lakini kukaa kwahitaji mtu avumilie kuonekana hana uwezo. Tabibu aliyezoea kushinda huona haya mbele ya kitanda cha mtu ambaye hakumshinda ugonjwa wake, na haya hiyo humfanya aharakishe hatua zake. Akae asikae, ugonjwa utakwenda njia yake. Lakini mgonjwa hatakwenda njia ile ile. Mmoja atakwenda akiwa ameachwa, na mwingine atakwenda akiwa amesindikizwa. Tofauti hiyo ni kubwa kama ilivyo tofauti ya usiku wenye taa na usiku usio na taa, ingawa usiku wenyewe ni mmoja.

Watu wenye busara wana hoja za kupinga, na si uungwana kuzipita kimya. Hoja ya kwanza yasema kwamba nchi zenye madaktari wachache na fedha chache yafaa zitumie vyote kwa wanaoweza kupona. Hoja hii ina nguvu, lakini yadhani kwamba kutuliza ni anasa ya matajiri. Daktari Anne Merriman alionyesha kinyume chake hapa hapa Afrika ya Mashariki. Alifanya kazi katika Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990, na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Dawa yake kuu ilikuwa mofini ya unga iliyochanganywa na maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa aweza kuinywa nyumbani kwake. Na kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, Uganda iliruhusu mwaka 2004 wauguzi na matabibu wasaidizi waliopewa mafunzo maalumu waandike dawa hiyo. Basi hapana haja ya kumnyang’anya mtoto mwenye malaria dawa yake ili babu aliyepooza apate usingizi. Kinachopungua mara nyingi ni elimu na nia.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wako wasemao kwamba huruma ya kweli kwa mtu aliyefungwa katika mwili usiotii ni kumsaidia afe upesi, na ziko nchi zilizoruhusu jambo hilo kwa sheria. Saunders alilipinga maisha yake yote. Alishuhudia kwamba wengi walioomba kufa waliacha kuomba maumivu yao yalipotulizwa na upweke wao ulipoondolewa. Mimi nakubaliana naye katika hili: kumpa mtu kifo kabla ya kumpa dawa ya maumivu, na sikio la kumsikiliza, na uhakika wa kwamba si mzigo, ni kumfungulia mlango mmoja baada ya kumfungia yote mingine. Lakini sitakudanganya, msomaji, kwamba kila dhiki hutulizwa. Wako wachache ambao mateso yao huishinda hata mikono iliyo hodari, na mbele yao yatupasa kusema kwa sauti ya chini. Asiyeona uzito wa hoja hii hajakaa karibu na kitanda cha namna hiyo.

Sasa niseme nawe ambaye hujawa tabibu, na pengine hutakuwa. Katika nyumba zetu nyingi yuko mzee aliyepigwa na kiharusi, au nyanya ambaye kumbukumbu zake zimeanza kumtoka, au mjomba ambaye mikono yake hutetemeka hata uji ukamwagika. Watu huzungumza juu ya kichwa chake kama kwamba hayupo. Huulizana mbele yake ni nani atakayelipa gharama za hospitali, na shamba litagawanywa vipi, na wengine hufika hata kutaja mazishi. Yeye hana ulimi wa kujibu, lakini masikio anayo. Huko ndiko wajibu wangu na wako uliko, nao hauhitaji shahada ya chuo kikuu. Mwamkie kwa jina lake na kwa heshima yake ya zamani. Uliza swali, kisha ungoje jibu mpaka lije, hata kama litakuja kwa kupepesa jicho. Mgeuze ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda. Mlishe akiwa ameketi, kijiko kidogo kidogo, bila ya kumharakisha. Na usipojua la kusema, keti naye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hapana dhiki iliyo kubwa kama ya mtu ambaye hawezi hata kuita.

Cicely Saunders alikufa mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 87, katika nyumba ile ile ya St Christopher aliyoijenga. Alilala katika kitanda kama alivyowalaza wengine, akatunzwa kama alivyofundisha. Ni jambo la kufikiriwa na kila mmoja wetu, maana sisi sote tunajenga nyumba ambamo tutalala. Tabia tuwafanyiayo wadhaifu leo ndiyo desturi itakayotungojea tutakapodhoofika, na watoto wanaotutazama sasa ndio watakaokaa kando ya vitanda vyetu, au watakaopita kwa hatua za haraka. Uponyaji ni zawadi ambayo tabibu aweza kuwa nayo leo na kesho akaikosa. Uaminifu wake kwa mgonjwa ni deni, na deni halifutwi kwa sababu mdai amekuwa dhaifu.